Mifumo minne, tajiri mmoja: tuvute data yote au tuiulize hapo ilipo?

Fundi_Maweni (mwenye uzi)

Assalam aleikum, na habari za jioni wadau wote.

Tajiri wetu ana duka la jumla hapa Malindi mjini, hoteli Watamu, na stoo Lamu inayouzia maduka ya visiwani. Kila biashara ilinunua mfumo wake kwa wakati wake, na kila muuzaji aliapa kwamba wake ndio utakaomaliza kazi zote. Sasa duka la jumla liko kwenye Odoo, programu ya kuendesha biashara, juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Hoteli ina programu ya mapokezi inayotumia hifadhidata ya SQL Server, mashine yenyewe imewekwa chini ya kaunta na feni imeelekezwa kwake. Stoo ya Lamu ina programu ya mauzo yenye hifadhidata ya MySQL iliyoandikwa na kijana mmoja ambaye saa hii yuko Qatar na hashiki simu. Mishahara ni Excel. Juu ya hayo kuna taarifa za paybill ya M-Pesa na ankara za eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA.

Tajiri anataka asubuhi akinywa kahawa aone nani anamdai, nani anadaiwa, na mzigo uko wapi. Kwa sasa mama mmoja wa uhasibu ndiye anayekusanya mafaili kwa kila mtu, anayabandika pamoja, na ripoti ya mwezi hutoka mwezi mwingine ushafika katikati.

Mezani kuna njia mbili. Moja ni ETL, yaani kila usiku tunavuta data kutoka kila mfumo, tunaisafisha na kuiweka kwenye ghala moja. Ya pili ni shirikisho: data ibaki kwao, katikati kuwe na seva moja inayojifanya hifadhidata moja, ukiiuliza nayo inakwenda kuwauliza wenzake papo hapo. Kuna kampuni imekuja na njia hiyo ya pili, wamevaa suti, wanasema hatutanakili hata herufi moja. Bei yao sitaitaja, kuna watu humu wana presha.

Nataka maoni ya waliowahi kuishika kazi hii kwa mikono.

Kaskazi_Amu

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Hao wa suti waulize kitu kimoja tu: mtandao wa stoo ya Lamu ukikatika saa nne za asubuhi, ripoti ya tajiri itakuwaje? Itakuwa maandishi mekundu. Trino, programu mojawapo ya shirikisho, kwa mfano, ikikosa chanzo kimoja kati ya vitatu haikuletei theluthi mbili za jibu. Swali zima linaanguka.

Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, nchi nzima ilionja mtandao wa kusuasua. Sisi huku tumeuzoea. Vuta usiku, kaa na nakala yako. Mimi yeo nna data ya jana yote mkononi, na data ya jana ni bora kuliko kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo.

Kichwa_Ngumu

Excel na flashi. Mashua kati ya Lamu na Mokowe, gati la bara, ipo muda wote.

Binti_Jedwali

Kaskazi, kaka yangu, nakubaliana nawe nusu. Nyaya zile zilikuwa za kwenda nje, hitilafu ilikuwa huko upande wa Afrika Kusini. Seva ya Lamu ikizungumza na ya Malindi haina haja ya kupitia huko. Walioumia ni wale ambao mfumo wao umepangishwa kwenye klaudi ya ng'ambo. Fundi, Odoo yenu iko wapi hasa? Jibu lako litabadilisha ushauri wangu.

Shirikisho lenyewe si jambo la jana. IBM walilifanyia utafiti kule Almaden, California, miaka ya 1990, mradi wao ukiitwa Garlic. Kiwango cha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, nacho kina sehemu nzima ya 9, SQL/MED, inayoeleza namna ya kuisoma data iliyo nje ya hifadhidata yako kana kwamba ni jedwali lako. PostgreSQL imeifuata: kuna postgres_fdw, kiunganishi cha kusoma PostgreSQL nyingine, kilichokuja na toleo la 9.3 mwaka 2013, kuna mysql_fdw ya kusoma MySQL, na tds_fdw ya kusoma SQL Server. Zote bure. Kwa hiyo kabla ya kuwalipa watu wa suti, chukua mashine moja ya zamani ujaribu mwenyewe.

Unachotakiwa kukichunguza ni kazi inafanyikia upande gani. Chukua swali la "nipe wateja wa Lamu wanaodaiwa zaidi ya shilingi 50,000". Seva ya katikati ikiusukuma uchujaji ufanyike kulekule Lamu, zitasafiri safu (mistari ya jedwali) chache tu. Isipousukuma, inabeba jedwali zima hadi Malindi ndipo ianze kuchambua. Jibu litakuwa lilelile, ila la kwanza linakuja kabla hujashusha kikombe na la pili unaweza kwenda kuswali ukarudi.

Na hapo pana vijitego. Kwa chaguo-msingi postgres_fdw huchota safu 100 kwa safari moja. Kama una safu 100,000 upande wa pili, hizo ni safari 1,000 za kwenda na kurudi. Ikiwa kila safari ni milisekunde 80, umeshapoteza sekunde 80 ukingoja barabarani tu, kazi yenyewe bado. Pandisha fetch_size iwe 10,000, zinabaki safari 10.

Cha pili: ukiandika sharti la tarehe kwa kutumia now(), yaani muda wa sasa, kwenye toleo nililonalo uchujaji hausukumwi. Postgres inapeleka upande wa pili zile fomula tu ambazo matokeo yake hayabadiliki kamwe, na now() kila saa ina jibu lake. Kwa hiyo linavutwa jedwali zima, na wewe unailaumu kampuni ya intaneti. Andika tarehe yenyewe, au programu yako iipachike kabla ya kutuma swali. Halafu endesha amri ya EXPLAIN VERBOSE, inayoonyesha swali litakavyotekelezwa, usome mstari wa Remote SQL. Usipoliona sharti lako mle ndani, halikusafiri.

Cha tatu kinaihusu hoteli yenu. tds_fdw inasukuma masharti na safu wima unazozitaka, lakini haisukumi muungano wa majedwali. Ukiunganisha jedwali la wageni na la bili, yote mawili yataletwa Malindi ndipo yaunganishwe. Dawa yake ni kutengeneza mtazamo (view), yaani swali lililohifadhiwa linalosomeka kama jedwali, kulekule kwenye SQL Server, muungano ufanyike huko, wewe usome mtazamo tu.

Fundi_Maweni

Ahsante sana dada. Odoo iko klaudi, seva ni ya Ulaya. Hoteli na Lamu ni mashine za hapahapa.

Nimeijaribu ile tds_fdw juu ya data ya mapokezi. Imefanya kazi, lakini meneja akanipigia simu: wageni wamepanga foleni wanataka kutoka, kompyuta ya mapokezi imeganda. Swali langu na kuganda kwao vina uhusiano?

Binti_Jedwali

Vina uhusiano mkubwa. SQL Server ya kwenye mashine yenu wenyewe, kwa mpangilio inaokuja nao, msomaji anaweza kumzuia mwandishi. Swali lako refu lilikuwa limeshikilia kufuli, karani anataka kuandika malipo, anangoja. Kuna mpangilio unaitwa READ_COMMITTED_SNAPSHOT. Ukiwashwa, msomaji anapewa picha ya data ya awali na mwandishi anaendelea na kazi yake. Lakini usiuwashe wewe. Waambie waliowauzia mfumo, kwa barua, wakujibu kwa barua. Wakati mnangoja, usiulize chochote kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, wageni wanapoondoka.

Mzee_Kilindini

Vijana, nawasoma tangu juzi nikitikisa kichwa. Mnazungumza kana kwamba jedwali ndilo biashara.

Nimekaa na SAP, programu kubwa ya kuendesha kampuni, miaka mingi hapa Mombasa. Ingia kwenye hifadhidata ya SAP ya zamani, ile ECC, utafute mistari ya hati za uhasibu, BSEG. Kwenye programu unaiona. Kwenye hifadhidata hakuna jedwali la jina hilo. Kuna RFBLG, na ndani yake data imeshindiliwa kwenye safu wima moja ambayo ni SAP pekee inayojua kuifungua. Chombo chako cha shirikisho kikiisoma kitakuletea takataka. Ilibidi kupita mlango wa programu yenyewe, BAPI na RFC. Ndiyo maana IBM, pamoja na ufundi wao wote wa kusoma hifadhidata za wenzao, walitengeneza viunganishi maalumu vya SAP, PeopleSoft na Siebel vinavyozungumza na programu. S/4HANA, SAP mpya, imeirudisha BSEG kuwa jedwali la kawaida, ila funzo la RFBLG mimi sijalisahau.

Msidhani Odoo imenusurika. Hadi toleo la 12 ankara zilikaa account_invoice. Toleo la 13, mwaka 2019, jedwali hilo likaondolewa, ankara zikahamia account_move pamoja na maingizo mengine ya leja. Aliyekuwa anasoma jedwali moja kwa moja aliamka ripoti ni tupu. Toleo la 16 jina la bidhaa, ambalo lilikuwa maandishi ya kawaida, likawa jsonb, kifurushi kimoja chenye jina kwa kila lugha. Wenye mfumo hawakukosea chochote, majedwali ni ya kwao na hawakumwahidi mtu kwamba hawatayagusa. Walichoahidi ni API, mlango rasmi wa kuombea data.

Kwa Odoo ya klaudi, mwanangu, piteni API. Kwa hiyo MySQL ya kijana wa Qatar fanyeni mtakavyo, hakuna wa kuja kuibadilisha.

Kaskazi_Amu

Mzee shikamoo. Hapo mmerudi kwangu bila kujua: ukipita API ya Odoo kwa kila swali utasubiri hadi kusi ligeuke. Basi vuta usiku, weka ghalani. Kila rekodi ya Odoo ina write_date, muda ilipobadilishwa mwisho. Unachukua tu zilizoguswa tangu mara ya mwisho. Kazi ya dakika.

Mzee_Kilindini

Marahaba. Na rekodi iliyofutwa, write_date yake utaisoma wapi?

Kaskazi_Amu

Hapo kitwa chauma.

Binti_Jedwali

😂 Zipo njia. Kila Ijumaa usiku unavuta orodha ya namba tupu za rekodi zote, unalinganisha na ulizonazo, ambazo kwao hazipo unazifunga kwako. Hiyo inatosha kwa Odoo, na ankara zikishathibitishwa kwa kawaida hazifutwi, zinabatilishwa.

Kwa MySQL ya Lamu kuna njia nzuri zaidi. Washa binlog (daftari la MySQL la kila badiliko) ya mtindo wa safu, weka Debezium, programu ya kufuatilia mabadiliko, iisome. Kila kilichoingizwa, kilichobadilishwa na kilichofutwa kinafika kwa mpangilio wake. Mtandao ukikatika, binlog inajikusanya kulekule Lamu. Ukirudi, inaendelea ilipoishia. Angalieni tu muda wa kuhifadhi binlog uwe mrefu kuliko mkatiko mbaya mnaoujua, na diski iwe na nafasi. Hivi Kaskazi hapati tena data ya jana, anapata ya dakika chache zilizopita, na mtandao ukilala tajiri bado anasoma nakala iliyopo Malindi.

Mama_Leja

Wanangu, mimi ndiye huyo mama wa mafaili. Fundi amenionyesha uzi huu nami nimejiunga leo.

Mnagombana data ipite wapi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini ripoti inachelewa. Kunakili na kubandika kunanichukua asubuhi moja. Siku zilizobaki zote nazimalizia kwenye mambo mawili ambayo mashine zenu hazijayagusa.

La kwanza ni watu. Mteja yuleyule duka la jumla ni Mohamed, Lamu ni Moh'd Kiosk, hotelini anakotuletea samaki ni Muhammad Supplies. Majina matatu ya baba yake nayo yameandikwa kila mahali kivingine. Tuna kina Fatma, Fatuma, Fatmah na Fatima, wengine ni mtu mmoja na wengine ni mtu na shemejiye. Namba ya simu haisaidii sana: moja imeanza na 07, nyingine 254, nyingine ina alama ya kujumlisha, na wengine wanalipa kwa simu ya mume. Kuna anayetudai hotelini na tunayemdai dukani, na kwa sababu hakuna aliyejua ni mmoja, tulimlipa taslimu mkono mmoja huku mwingine tukimbembeleza alipe deni.

Ninaloliamini ni PIN ya KRA. Herufi A kwa mtu au P kwa kampuni, tarakimu tisa, herufi ya mwisho. Hiyo haibadiliki jina likiandikwa vyovyote. Ila makarani wa zamani waliandika O pahali pa sifuri, na wenye vibanda vidogo hawajawahi kutupa PIN kabisa.

La pili ni saa. Mgeni amelipa bili ya baa saa nane na dakika ishirini usiku, kuamkia tarehe 1 Septemba. Mfumo wa hoteli unaiweka tarehe 31 Agosti, kwa sababu siku ya hoteli haifungwi mpaka karani wa usiku afunge hesabu. M-Pesa inasema tarehe 1 Septemba. Pesa ni moja, miezi miwili. Nimekesha na hilo kila mwisho wa mwezi na hakuna aliyeniambia kosa liko wapi, kwa sababu kosa halipo.

Binti_Jedwali

Mama, shikamoo. Laiti ungejiunga siku ya kwanza.

Niongeze la tatu kwenye saa: Odoo huhifadhi muda wake kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Mauzo ya kaunta yanayokaa pos_order, safu wima ya date_order, yakifanyika kati ya saa sita za usiku na saa tisa, ndani ya hifadhidata ni ya jana. Kwenye kioo programu inakugeuzia, hivyo karani haoni kitu. Anayesoma hifadhidata ndiye anayeoneshwa jana. Lazima igeuzwe kwanza kuwa Africa/Nairobi ndipo ukate tarehe.

Fundi, kila muamala uwe na safu wima mbili za tarehe: muda halisi wa tukio, na siku ya biashara. Paybill ilinganishwe na muda halisi, mapato ya hoteli yahesabiwe kwa siku ya biashara. Kuchagua moja na kuitupa nyingine ndiko kunakomkesha Mama.

Mama_Leja

Marahaba mwanangu. Hilo nimelielewa bila kutafsiriwa.

Mzee_Kilindini

Kuhusu watu, msiiachie programu. Nimeziona zile zinazolinganisha majina kwa kukisia. Pwani hii, ambako nusu ya mtaa ni kina Mohamed Ali, zitawaoza watu wasiojuana. Tengenezeni jedwali moja dogo la utambulisho: namba yenu mpya ya mteja, na kando yake namba anayotumia kila mfumo. PIN ikilingana herufi kwa herufi, mashine iunganishe. Isipolingana, mashine ipendekeze na Mama aamue. Jedwali hilo likae katikati, mifumo isiguswe.

Na pasipoti za wageni mziache hotelini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye kile unachokihitaji kwa kazi uliyoisema, na ripoti ya madeni haihitaji pasipoti ya Mtaliano. Mtazamo utakaotengenezwa pale kwenye SQL Server usiwe na safu wima hiyo kabisa, na akaunti ya kusomea ipewe ruhusa ya mtazamo tu.

Kichwa_Ngumu

Kwa hiyo mshindi nani, wa kuvuta au wa kuuliza? Niliweka dau la chapati.

Fundi_Maweni

Chapati mgawane, maana nimechanganya.

Lamu inakuja kwa Debezium hadi Malindi. Mkatiko wa kwanza umeshapita na data ikajaza pengo yenyewe, nilikuwa naangalia namba zikipanda. Odoo navuta kwa API kila usiku, na Ijumaa ule ukaguzi wa zilizofutwa. Historia yote ya miezi iliyofungwa iko ghalani, haiulizwi tena kwa mwenyewe. Hoteli nimeiacha kwenye shirikisho kwa sababu swali la tajiri kuhusu hoteli ni la sasa hivi: vyumba vingapi vina watu, nani hajalipa. Safu ni chache, mtazamo uko kulekule, na waliotuuzia mfumo wameuwasha ule mpangilio, kwa barua. Mapokezi hawajanipigia tena. Mishahara nimekataa kuigusa, ibaki kwenye kabati la Mama.

Kilichokula muda ni jedwali la utambulisho. Mama anakaa nalo kila alasiri baada ya chai, na karani wa stoo Lamu anapigiwa simu kuulizwa huyu ni nani.

Watu wa suti nimewauliza kuhusu siku ya biashara na PIN zenye herufi O. Wamesema watarudi na jibu.

Ila leo nina jipya. Tajiri ameiona ripoti ya kwanza ya mzigo, kahawa ikamkwama. Duka la jumla limetoa mchele 40 kwenda hotelini, hoteli imepokea 1,500. Anataka kujua nani kachezea vitabu, na meneja wa hoteli ameitwa kesho saa tatu.

Mama_Leja

Mpigie tajiri usiku huuhuu. Hoteli inapokea kwa kilo. Duka linatoa kwa gunia. Na gunia zetu ziko za kilo 25 na za kilo 50, zote zimeandikwa kwa namba moja ya bidhaa tangu Odoo ilipowekwa. Ishirini za ndogo na ishirini za kubwa, piga hesabu.

Fundi_Maweni

Imetoka 1,500 kamili. Nampigia sasa hivi. Nikirudi nafungua uzi wa vipimo, mwenye mfumo wa kutenganisha namba za bidhaa bila kuharibu mauzo ya nyuma aanze kuandika.